Kufuga taa nyumbani Dar es Salaam: sheria, maji na mwiba

Aliyekulia pwani anamjua taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu. Asubuhi Soko la Feri utamkuta amelazwa sakafuni pamoja na papa, mabawa yametandazwa, wachuuzi wakipatana bei. Kunduchi utamwona amepasuliwa, ametiwa chumvi na kuanikwa juani. Hata mkia wake uliwahi kuwa na kazi: ulikaushwa ukawa mjeledi. Lakini kumfuga akiwa hai ndani ya nyumba ni jambo jingine, na wapenzi wa samaki wa mapambo mjini hapa wanaolitamani hupewa maelezo yanayopingana. Mmoja ataambiwa taa amepigwa marufuku kabisa. Mwingine ataambiwa samaki hahitaji kibali, lipa uondoke naye. Wote wawili wamepotoshwa.

Kufuga taa kihalali Dar es Salaam kunawezekana. Ni taa wachache tu wanaofaa, na kazi huanza kwenye karatasi kabla ya kufika kwenye maji. Tatizo ni kwamba watu huulizia taa kana kwamba ni samaki mmoja. Dunia ina zaidi ya spishi 600 za jamii hii, wakiwemo wa baharini wenye mabawa ya mita kadhaa na wa mitoni wanaoenea kwenye sinia. Sheria haimtazami taa kwa ujumla, humtazama kwa jina lake la kisayansi na kwa mahali alikotoka. Jina hilohilo ndilo linaloamua kama maji yake yatiwe chumvi, tanki liwe kubwa kiasi gani na atakufa kwa dawa gani. Muuzaji asiyeweza kukuandikia jina la kisayansi la samaki wake hana anachoweza kukuthibitishia, hata kama ni mtu mwema.

Taa wa baharini

Watu wengi huanza na wazo linaloonekana rahisi: bahari iko hapo, taa wapo, kwa nini nisimpate kwa mvuvi wa Msasani au Kigamboni akiwa bado anapumua? Anayelengwa mara nyingi ni taa mwenye madoa ya buluu, Taeniura lymma. Mgongo wake una rangi ya manjano iliyokolea kuelekea hudhurungi, madoa ya buluu yanang'aa kama yamepakwa jana, na mkiani ana mistari miwili ya rangi hiyohiyo. Upana wake ni takriban sentimita 35, kwa hiyo mtu akimwona kwenye miamba hudhani ni samaki wa tanki.

Si samaki wa tanki. Wafugaji wenye uzoefu duniani wanajua kwamba huyu ni mmoja wa taa wagumu kuliko wote: wengi wao hukataa kula baada ya kukamatwa na hufa taratibu kwa njaa mbele ya chakula kizuri. Nyavu za jarife humchubua, na joto la mtumbwi na ndoo humaliza kilichobaki. Nyenga wakubwa hukua kupita kiasi cha nyumba yoyote. Pungu, yule anayeruka majini kama ndege, huogelea muda mrefu bila kupumzika na anahitaji bwawa la taasisi, si la familia. Na tanki la maji ya chumvi lenyewe lina gharama zake: chumvi idumu karibu gramu 35 kwa lita kila siku, wakati joto la Dar linakausha maji na kuacha chumvi nyuma.

Kisha kuna sheria. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini pamoja na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975, na leo viko chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994. Kuvua au kukusanya kiumbe humo bila idhini ni kosa, awe taa, awe konokono. Nje ya hifadhi, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 inamtaka mvuvi awe na leseni. Samaki aliyeuzwa kwa kitoweo ana njia yake inayoeleweka. Aliyekamatwa akiwa hai kwa ajili ya tanki ni suala la kumpelekea afisa uvuvi wa wilaya kabla, si baada ya kukamatwa. Baadhi ya jamaa zake, wakiwemo taa wakubwa aina ya manta na jamaa zao wadogo, wako pia chini ya mkataba wa kimataifa nitakaoueleza punde.

Msimamo wangu kuhusu taa wa bahari yetu ni kwamba aachwe alipo. Utafiti wa kimataifa uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya spishi za papa na taa duniani ziko katika hatari ya kutoweka, na sababu kuu ni kuvuliwa kupita kiasi. Taa huzaa watoto wachache na hukomaa polepole. Kumtoa mmoja baharini ili afe sebuleni ndani ya miezi michache ni hasara isiyo na faida kwa yeyote.

Taa wa mtoni

Wanaofugika ni wale wa maji baridi wa Amerika ya Kusini, ukoo wa Potamotrygonidae. Mababu zao waliingia kutoka baharini mamilioni ya miaka iliyopita, wakabaki katika mito ya Amazon, Orinoco na Paraná, na miili yao ikabadilika. Taa wa baharini huhifadhi urea nyingi kwenye damu ili chumvi ya nje isiwakaushe. Hawa wa mtoni wameupoteza uwezo huo, na ukiwatia baharini hawaponi.

Afrika nayo ina taa wachache wa maji baridi, lakini ni wa upande wa magharibi, kwenye mito kama Niger, Benue na Kongo. Maziwa yetu makuu hayana taa. Maana yake ni nyepesi na ni muhimu: taa yeyote wa maji baridi utakayemkuta dukani Kariakoo au kwa mtu binafsi Mikocheni, ama yeye ama wazazi wake walisafirishwa kutoka nje. Mahali fulani lazima kuwe na karatasi.

Anayepatikana zaidi katika biashara ni Potamotrygon motoro, mwenye mgongo wa hudhurungi uliojaa macho ya rangi ya machungwa. Mwenye mvuto kuliko wote, na bei yake inaonyesha, ni Potamotrygon leopoldi wa Mto Xingu nchini Brazil: mweusi tii, madoa meupe. Yuko pia henlei, kutoka bonde la Tocantins, anayefanana naye kiasi cha kuwachanganya wauzaji. Huko Thailand, Indonesia na Taiwan kuna mashamba yanayowazalisha kwa wingi, na wanaozaliwa humo ndio ninaoona mtu wa Dar awatafute. Wamezoea tanki, wamezoea chakula kilichogandishwa, na hakuna mto ulioporwa.

Karatasi, moja baada ya nyingine

Biashara ya viumbe vilivyo hatarini baina ya nchi husimamiwa na mkataba unaojulikana kwa kifupi kama CITES, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1979. Mkataba una viambatisho vitatu. Cha kwanza ni cha viumbe ambao biashara yao karibu imefungwa. Cha pili ni cha wale wanaoweza kuuzwa kwa vibali. Cha tatu ni cha wale ambao nchi fulani imeomba wenzake waisaidie kuwalinda.

Taa wa mtoni wamegawanyika kati ya cha pili na cha tatu, na hapa ndipo wengi hupotea. Mkutano wa nchi wanachama uliofanyika Panama mwishoni mwa 2022 uliwaweka spishi saba kwenye Kiambatisho cha Pili, wakiwemo leopoldi na henlei, na uamuzi ukaanza kutumika Februari 2023. Motoro hayumo kati ya hao saba, ila yumo kwenye Kiambatisho cha Tatu kwa ombi la Kolombia. Brazil nayo iliwaorodhesha wa kwake huko.

Kwa hiyo ukinunua leopoldi, popote alipozaliwa, lazima asafiri na kibali cha CITES kilichotolewa na mamlaka ya nchi anakotoka. Ukinunua motoro kutoka Kolombia, kibali cha kumtoa ni lazima. Akitoka nchi isiyomwomba ulinzi, mathalani Thailand, kinachohitajika ni hati ya asili inayoonyesha kwamba ametoka huko. Hati ya asili ni nyepesi kuliko kibali, lakini si hiari.

Kwenye kibali kuna herufi moja ndogo ambayo mnunuzi anapaswa kuisoma kabla ya kitu kingine chochote. W humaanisha samaki alitolewa mtoni. C humaanisha alizaliwa kifungoni na wazazi waliofugwa, kwa masharti ya mkataba. F humaanisha alizaliwa kifungoni lakini hajatimiza masharti yote ya C. Muuzaji akikuambia samaki ni wa shamba huku hati ina W, samaki ametoka mtoni na wewe umeelezwa uongo.

Kuna na wale machotara. Mashamba huchanganya leopoldi na motoro na kuwapa majina ya kibiashara yanayovutia, halafu mtu akahisi kwamba samaki asiye na jina la kisayansi hana sheria. Kanuni za CITES zimeliziba tundu hilo: mnyama mwenye damu ya karibu ya spishi iliyo kwenye Kiambatisho cha Kwanza au cha Pili huhesabiwa kuwa naye yumo. Chotara wa leopoldi anahitaji kibali kama leopoldi.

Upande wa Tanzania kuna milango miwili, na kupita mmoja hakukupi ruhusa ya mwingine. Mlango wa kwanza ni Idara ya Uvuvi katika Wizara ya Mifugo na Uvuvi, kwa Sheria ya Uvuvi ya 2003 na Kanuni za 2009 zilizorekebishwa mwaka 2020. Samaki hai kutoka nje anahitaji kibali chao, na kibali kipatikane kabla mzigo haujaondoka ulikotoka, pamoja na cheti cha afya cha nchi inayouza. Mlango wa pili ni Idara ya Wanyamapori katika Wizara ya Maliasili na Utalii, ambayo ndiyo mamlaka ya CITES nchini. Watu hushangaa: samaki na wanyamapori wapi na wapi? Ni kwa sababu mkataba hautenganishi samaki na tembo.

Baada ya hapo ni forodha. Samaki wa mapambo wa maji baridi ana namba yake ya ushuru, 0301.11, na wakala wa forodha anayeijua hatamwacha samaki wako kwa saa sita kwenye joto la uwanja wa ndege wa Julius Nyerere akitafuta aingizwe fungu gani. Mashirika ya ndege nayo hufuata kanuni za IATA, chama chao cha kimataifa, za kusafirisha wanyama hai: mfuko wenye oksijeni, boksi linalohifadhi joto, na mwiba wa taa kuvalishwa kipande cha mpira ili usitoboe mfuko. Zanzibar ina sheria yake ya uvuvi ya mwaka 2010 na mamlaka zake, kwa hiyo aliyepata kibali cha Bara asidhani kimevuka naye kwenye boti.

Wengi hawataagiza wenyewe, watanunua dukani. Basi omba nakala: kibali cha kuingiza kilichotolewa na Uvuvi, hati ya CITES yenye jina la spishi na herufi ya asili, na risiti yenye tarehe inayolingana na hivyo viwili. Kama taa alizaliwa hapahapa kwa mfugaji wa Dar, omba nakala za karatasi za wazazi na maandishi ya mfugaji yanayoonyesha tarehe ya kuzaliwa. Ukiwa na shaka na jina, wataalamu wapo mjini: TAFIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, na kampasi ya Kunduchi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayofundisha sayansi za bahari na uvuvi. Picha nzuri ya mgongo na ya mkia huwasaidia sana.

Neno kuhusu mambo ya mtandaoni. Ukitafuta habari za taa utaangukia mijadala ya Marekani, ambako jimbo moja huruhusu na jingine hukataza. Texas, kwa mfano, imezuia ukoo mzima wa Potamotrygonidae. Habari hizo ni za kwao. Hazikukatazi wewe na hazikuruhusu.

Kwa nini serikali ihangaike na samaki mmoja wa sebuleni? Mtanzania hahitaji kwenda mbali kutafuta jibu. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na mamia ya spishi za furu zikapungua au kutoweka. Magugu maji yaliyoziba mialo ya ziwa hilohilo asili yake ni bonde la Amazon, nyumbani kwa taa hawa, na yalisambaa duniani kwa sababu maua yake yalipendeza kwenye mabwawa ya watu. Singapore wameshapata taa wao: motoro waliotoka kwenye biashara ya mapambo wamezaliana katika bwawa la Upper Seletar, mbali kabisa na Amerika ya Kusini. Mito ya Ruvu na Rufiji ina joto linalowafaa. Sioni sababu ya kuamini kwamba sisi tungesalimika.

Tanki kwanza, samaki baadaye

Motoro mdogo dukani ana upana wa kiganja. Akilishwa vizuri hufika sentimita 50 na zaidi, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Kinachomhusu ni eneo la sakafu ya tanki, maana anaishi chini, anateleza na kugeuka. Tanki la mita 2 kwa mita 1, maji yakiwa na kina cha sentimita 60, ni kiwango cha chini ninachoweza kumshauri mtu kwa taa mmoja aliyekomaa.

Fanya hesabu. Hizo ni lita 1,200, yaani kilo 1,200 za maji. Kioo cha milimita 12 kina uzito wa kilo 30 kwa mita ya mraba, na tanki hilo linataka takriban mita za mraba 5.6, kwa hiyo ongeza karibu kilo 170. Ongeza mchanga na kitako cha chuma. Una kama tani moja na nusu juu ya mita mbili za mraba. Sakafu ya ghorofa ya makazi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Anayeishi ghorofa ya nne Upanga asiliweke tanki hili bila kauli ya mhandisi wa majengo, wala asiridhike na fundi wa vioo kusema litakaa. Mahali pake ni chini, juu ya zege lililolala ardhini.

Dar es Salaam inampa mfugaji kitu ambacho mwenzake wa Uingereza hulipia umeme mwaka mzima, nacho ni joto. Taa hawa wanapenda maji ya nyuzi 25 hadi 29, kwa hiyo bwawa la uani lenye kivuli linafaa na mara nyingi ni bora kuliko kioo. Bwawa la saruji lazima lipakwe rangi ya kuzuia maji isiyo na sumu, maana saruji mbichi hutoa chokaa na kupandisha pH, kipimo cha uasidi au ualikali wa maji. Na lazima liwe na ukingo mrefu. Wakati wa masika Jangwani inapojaa na mitaro ya mitaani kufurika, bwawa lililo sawa na ardhi humwachia samaki njia hadi Msimbazi, na hapo tumerudi kwenye sangara. Wavu imara juu yake utazuia pia paka, na muhimu zaidi, mtoto wa jirani.

Maji ya bomba yana klorini na lazima itolewe, kwa dawa yake ya dukani au kwa kuyaacha kwenye simtanki wazi yakipigwa hewa. Maji ya visima vingi vya mji huu, hasa karibu na ufukwe, yana chumvi, wakati taa wa Amazon ametoka kwenye maji laini sana. Pima kabla ya kujaza. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paa safi, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi, ni zawadi kubwa kwa mfugaji wa taa.

Sasa amonia, mwuaji mkuu. Taa anakula sana na anachafua sana. Uchafu wake hugeuka amonia, bakteria wa kwenye kichujio huigeuza naitraiti, na wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa. Kundi hilo la bakteria huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, kwa hiyo tanki huendeshwa bila taa muda wote huo, likiwa na samaki wachache wagumu au kwa kutiwa amonia kidogo kwa kipimo. Kitu ambacho vitabu vya nchi za baridi havisisitizi vya kutosha ni kwamba joto na pH huamua ukali wa sumu hii. Kwenye nyuzi 28, pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ya amonia iko katika hali ya sumu kali. pH ikipanda hadi 8, inakaribia asilimia 7. Kipimo kilekile cha amonia kinachomwacha taa hai kwenye maji ya mvua kinaweza kumwua kwenye maji ya kisima. Kwa hiyo kichujio kiwe kikubwa kupita unavyodhani, maji yabadilishwe sehemu kila wiki, na amonia na naitraiti zisome sifuri.

Umeme ukikatika, maji ya joto yenye oksijeni kidogo humaliza pumzi haraka. Pampu ya hewa ya betri ni lazima, na inveta ni bora zaidi. Taa aliyetulia hukaa nusu amejifukia mchangani, akivuta maji kwa matundu mawili nyuma ya macho, kwa sababu mdomo uko chini. Ukiona matundu hayo yanapiga haraka, au kingo za mwili zimejikunja kwenda juu, usisubiri kesho. Pima maji na ubadilishe sehemu yake saa hiyohiyo.

Mchanga uwe laini. Changarawe na mawe ya matumbawe humchana tumbo. Dawa zenye shaba, zinazouzwa kwa magonjwa ya kawaida ya samaki, zisiguse tanki lake. Usimwekee wale samaki wa kunyonya vioo wanaosifiwa kuwa wasafishaji, kwa sababu usiku humnyonya taa ute wa mgongoni na kumwachia vidonda.

Chakula mji huu unacho. Kamba, uduvi, minofu ya samaki, minyoo ya ardhini kutoka mahali pasipopigwa dawa. Dagaa apewe kwa nadra, kwa sababu samaki wengi wa jamii yake wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na kugandisha hakukiondoi. Taa mdogo hulishwa mara mbili au tatu kwa siku. Mifupa ya nyonga, pale mkia unapoungana na mwili, ikianza kujitokeza, taa ana njaa ya muda mrefu.

Mwiba

Mwiba uko mkiani, una meno kama msumeno, umefunikwa na tishu yenye sumu, na ukikatika huota mwingine. Taa hamwindi mtu. Hujihami akikanyagwa au akibanwa, na mfugaji anayeingiza mkono kwenye maji machafu bila kuangalia taa alipo ndiye anayechomwa. Sumu ya taa wa mtoni huuma kupita maelezo na inaweza kuozesha nyama kuzunguka kidonda. Taa wa baharini ndiye aliyemwua Mwaustralia Steve Irwin mwaka 2006, mwiba ulipomchoma kifuani.

Akichomwa mtu mkononi au mguuni, kidonda kitumbukizwe kwenye maji ya moto yasiyozidi nyuzi 45, yaliyojaribiwa kwanza kwa mkono mzima, kwa dakika 30 hadi 90. Joto hilo hupunguza maumivu. Kisha hospitali, hata kama maumivu yametulia, kwa sababu vipande vya mwiba hubaki ndani na pepopunda haina mzaha. Mwiba uliokwama kifuani, tumboni au shingoni usichomolewe nyumbani, achomoe daktari. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo, tanki la taa liwe na kifuniko cha kufungwa kwa kufuli. Kama hilo haliwezekani, taa asije.

Hubaki jambo ambalo mnunuzi halifikirii siku ya kununua. Taa huzaa watoto hai, na jozi iliyotulia inaweza kukupa mimba nyingine kabla hujawapatia nafasi wa kwanza. Andika tarehe na idadi ya kila uzao, na piga picha ya mgongo wa kila mtoto, maana madoa yao hutofautiana. Anayechukua mtoto aondoke na nakala za karatasi za wazazi. Ukihama, ukiishiwa, au taa akikushinda, tafuta mfugaji mwingine au ongea na afisa uvuvi kuhusu mahali pa kumpeleka. Kama ni mgonjwa wa kufa, mwite daktari wa mifugo ammalizie bila mateso. Mtoni na baharini hapelekwi, si usiku, si kwa huruma, si hata mmoja.